Pesa ya Mupepe: Neno la Kubuni Linatoka Wapi, na Linamtumikia Nani?

Leo siandiki juu ya muhogo wala ugonjwa wa mozaiki. Nataka tuongee juu ya vitabu na filimu, tena zile za siansi-fiksio, yaani hadithi za sayansi ya kubuni. Najua wengine mtasema: agronomi ameacha jembe, sasa anatafuta nini huko kwenye nyota? Mnivumilie. Kabla ya mwisho nitarudi shambani.

Mambo yalianza Kisangani, bandarini, tukingoja balenyeri ijae. Mkononi nilikuwa na kitabu cha Kiswahili, Walenisi cha Katama Mkangi, kopi iliyochakaa ambayo mjomba mmoja dereva aliniletea kutoka Kampala. Mwenzangu wa promosheni akakichukua, akasoma maneno ya nyuma, akacheka. "Siansi-fiksio ya Kiswahili? Maneno watatoa wapi, bana?" Kwake yeye, hadithi ya wakati ujao inadai maneno ambayo sisi hatuna: majina ya mashine, ya sayari, ya silaha za mwanga. Lugha yetu ni ya soko na ya kanisa, alisema. Ukitaka kwenda mwezini, panda Kifaransa au Kiingereza.

Sikumjibu. Si kwamba jibu lilikosa. Nilikuwa na aibu yangu, aibu ya neno nililolibuni mimi mwenyewe, hapa hapa Yanonge, neno lililofanya watu wacheke pale walipopaswa kuuliza. Nitawaeleza. Lakini tuanze na maneno ya wengine.

Roboti ni mtu wa kazi ya lazima

Neno roboti kila mtoto analijua. Wengi wanadhani lilitoka kwenye kiwanda au kwa wanasayansi. Hapana. Lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza. Mwaka 1920 Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha R.U.R., hadithi ya kampuni inayotengeneza watu bandia ili wafanye kazi zote. Alikuwa anatafuta jina la viumbe hao. Kwanza alifikiria neno lenye mzizi wa Kilatini, maana yake kazi, lakini lilimkaa vibaya mdomoni, lilinuka vitabu. Ndugu yake Josef, mchoraji, akamwambia: waite roboti. Katika Kicheki "robota" ni kazi ya lazima, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila malipo.

Sasa fikirini. Neno ambalo dunia nzima inaona ni la wakati ujao, ndani yake limebeba mkulima aliyeinama kwenye shamba la mtu mwingine. Na roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walitengenezwa kwa nyama ya bandia, wakafanana na watu, na mwisho waliasi. Ukimwambia mzee wa Tshopo habari hiyo, hahitaji kamusi. Tangu 1917 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliweka kilimo cha lazima: unapanda ulichoambiwa, unauza kwa bei uliyopangiwa, ukikataa unafungwa. Baadaye, wakati wa Mobutu, tukaitwa kwenye salongo. Kumbe Čapek angezaliwa kwetu, leo dunia nzima ingekuwa inasema "masalongo" badala ya roboti, na wenye viwanda vya Ujapani wangeonyesha salongo mpya kila mwaka kwenye maonyesho.

Nacheka, lakini somo ni zito. Josef Čapek hakuvuta neno kutoka hewani. Alilitoa kwenye mgongo wa mtu. Ndiyo maana limeishi zaidi ya miaka 100, wakati maelfu ya maneno ya kubuni ya waandishi wengine yamekufa pamoja na magazeti yaliyoyachapisha.

Wale si sisi

Kuna njia nyingine ya kupata maneno ya kubuni, na hiyo inatugusa sisi moja kwa moja: kuchukua lugha ya watu walio mbali na kuifanya sauti ya wageni wa angani.

Mwaka 1983, katika filimu ya tatu ya Star Wars, kuna rubani mwenye mashavu makubwa yaliyoanguka, anaitwa Nien Nunb. Anaongea lugha ambayo Marekani waliiona ni ya sayari nyingine kabisa. Kumbe sauti ile ni ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya, na maneno yale ni ya lugha za kwao Kenya. Filimu ilipofika Kenya, watu walielewa alichokuwa anasema yule kiumbe. Hebu wazia: umelipa tiketi ili uende kwenye nyota, na huko nyota unamkuta jirani yako anaongea.

Kabla ya hapo, mwaka 1966, katika Star Trek, afisa wa mawasiliano wa chombo aliitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Hapo heshima ipo zaidi. Mwanamke mweusi, afisa, katika Marekani ya miaka ile, si jambo dogo. Lakini angalia mwisho wa neno. Uhuru umebadilishwa herufi moja ili upendeze kama jina la mwanamke masikioni mwa watu wa huko. Na mwaka huo huo wa 1966, katika vitabu vya picha vya Marvel, Wakanda ikazaliwa, pamoja na madini yake ya vibranium. Mzizi wa vibranium ni mtetemo, mwisho wake ni ule wa Kilatini unaopewa madini. Hakuna kijiji ndani yake. Hakuna mchimbaji. Ni madini ambayo hayana mtu aliyeyabeba mgongoni.

Wakati huo huo sisi tuna neno halisi ambalo linasikika kama limetoka kwenye filimu: koltani. Ni majina mawili ya madini, kolumbiti na tantaliti, yaliyokatwa na kuunganishwa. Ukilisema taratibu, linafaa kuwa jina la sayari. Lakini kila mtu wa Mashariki akilisikia anaona vijana ndani ya shimo, na anajua simu aliyoshika mkononi ina kipande cha hadithi hiyo.

Kwa hiyo mwenzangu wa bandarini alikosea. Maneno hayatukosi. Sauti zetu zimeshafika kwenye nyota zamani. Tulichokosa ni nafasi ya kuwa watu ndani ya maneno hayo. Tulipewa nafasi ya "wale": wale wa mbali, wale wa ajabu, wale si sisi.

Walenisi

Hapa ndipo Katama Mkangi anapoingia, na ndiyo sababu nabeba kitabu chake hata kimechakaa hivi.

Mkangi alikuwa Mkenya wa pwani, mwalimu wa sosiolojia chuo kikuu. Miaka ya 1980 serikali ya Moi ilimweka kizuizini. Mwaka 1995 alitoa riwaya ya Walenisi. Mtu mmoja, Dzombo, anahukumiwa kufa na watawala wa nchi yake. Anafungiwa ndani ya chombo cha angani ili akapotelee huko. Badala ya kufa, anafika mahali ambapo watu wanaishi kwa usawa, bila mkubwa wa kumkanyaga mdogo. Wenyeji wa huko wanaitwa Walenisi.

Ukilisoma haraka, ni jina la kabila la ajabu tu, kama mengine yote ya vitabu vya aina hii. Lina hata ile "wa" ya mbele ya makabila: Wakusu, Walokele, Walenisi. Ukilisoma polepole, linafunguka: wale ni sisi.

Wandugu, nilipoliona nilifunga kitabu kidogo. Mkangi hakuomba herufi yoyote kwa Kilatini wala kwa Kigiriki. Alichukua maneno matatu ambayo mama anayeuza pondu sokoni anayasema kila siku, akayabana pamoja, akapata jina la dunia mpya. Na neno lenyewe linafanya kazi ambayo riwaya nzima inafanya: linakuonyesha mgeni, halafu linakugeuzia kioo.

Nikiwa mkweli, kitabu chenyewe kina uzito wake. Walenisi wanapenda sana kueleza. Dzombo anauliza swali dogo, anajibiwa kama yuko kwenye odituaru, saa nzima, bila nafasi ya kunywa maji. Kuna kurasa nilizoruka, na nilirudi kuzisoma kwa nidhamu tu. Mwandishi alikuwa na hasira ya haki, na hasira ya haki mara nyingine inasahau kwamba msomaji naye amechoka. Lakini mhadhara ule wote ningeweza kuusahau, na neno lingebaki. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: neno la kubuni lililo zuri, ukilifungua, unakuta watu ndani.

Majani ya vidole na mbegu ya mama

Nina mifano miwili ya filimu.

Neptune Frost ilitoka 2021, ikaonyeshwa Cannes. Waliotengeneza ni Saul Williams wa Marekani na Anisia Uzeyman wa Rwanda. Hadithi iko Burundi, na humo ndani wanaongea Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Inaanza kwenye mgodi wa koltani: kijana anayeitwa Tekno anasimama kidogo, anainua jiwe la koltani kulitazama, mlinzi anamuua kwa sababu ya kusimama. Ndugu yake, Matalusa, anakimbia. Lisemeni jina hilo kwa sauti, haraka: Matalusa. Mtamsikia Martin Luther ndani yake, kama vile mdomo wa kwetu ungemtamka.

Wakimbizi wa mgodi wanakutana kwenye kijiji cha mabaki ya kompyuta, na kijiji kinaitwa Digitaria. Watu wengi wanasikia dijitali tu. Mimi nilisimamisha filimu. Digitaria nimeipalilia! Ni jenasi ya majani, yale yenye masuke yaliyofunguka kama vidole, yanayosumbua mpunga wetu. Afrika Magharibi ndugu yake mmoja ni nafaka kabisa, fonio, wanaila tangu zamani sana. Jina linatoka Kilatini, kidole. Na dijitali nayo inatoka kidole, kwa sababu watu walianza kuhesabu kwa vidole. Kwa neno moja una mkono wa mchimbaji, nafaka ya mkulima na hesabu ya mashine. Nilipiga makofi peke yangu, mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama niko mzima.

Sifa hiyo haihusu kila kitu. Katika filimu hiyo watu wanasalimiana kwa maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni kama "mgodi wa dhahabu wa nia moja". Yanasikika vizuri, yana mdundo. Lakini salamu ya kwetu ni swali: umeamkaje, watoto wako namna gani, mto umejaa? Inangoja jibu. Ile ya filimu haingoji kitu, ni kama neno la siri la mlangoni. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya tano nikahisi niko kwenye kundi ambalo sikualikwa.

Filimu ya pili ni Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Ni fupi, dakika ishirini na kidogo. Hiyo niliiangalia hapa Yanonge kwenye kompyuta, betri ya pano ya jua ikiwa karibu kuisha, na mama mwenye nyumba pamoja na watoto wake kwenye mkeka. Vita ya Tatu ya Dunia imepita, ilikuwa vita ya maji. Watu wanaishi wamefungiwa ndani, wanakunywa jasho na mkojo wao uliosafishwa. Asha anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho la viumbe vilivyopotea. Siku moja anapokea udongo, hajui kutoka kwa nani. Anaupima, una unyevu. Anapanda mbegu kuukuu ndani yake, inaota. Kutoka nje anakatazwa, anatoroka, anaenda kuupanda mche jangwani, anaufunika na mwili wake kwa kivuli.

Mbegu ile imeandikwa Maitu, neno la Kikuyu, maana yake mama. Na jina la filimu ni pumzi tu, ambayo sisi huku tunasema pumuzi. Kahiu hakubuni karibu neno lolote! Alichukua maneno mawili ya nyumbani, akayaweka mahali ambapo pumzi imekuwa kitu cha thamani na mama amekuwa mbegu, basi maneno yakawa mapya. Kama agronomi ningesema mche mmoja kwenye mchanga mkavu hauponi, hata umpe jasho lako lote. Lakini mama mwenye nyumba hakuuliza habari ya mbolea. Alinyamaza kidogo, akasema: "Ule mutoto mwanamuke alifanya vizuri. Kama ni pumuzi, hauwezi kungojea ruhusa."

Ngoma ya Walokele ilikuwa inajua

Kipimo changu cha pili sikukipata kwenye filimu, nilikipata hapa mtoni. Walokele wamejulikana mbali kwa lokole, ile ngoma ya mti inayoongea. John Carrington, mmisionari aliyekaa Yakusu, si mbali na Kisangani, alitoa kitabu juu yake mwaka 1949. Kazi yake inaeleza jambo ambalo wazee walikuwa wanalijua: ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Inafuata mlio wa maneno, haitamki herufi. Kwa hiyo maneno mengi kwenye ngoma yanafanana kabisa. Ukipiga neno peke yake, msikilizaji wa ng'ambo hajui kama umesema mwezi au kuku.

Dawa yao ilikuwa kurefusha. Muhogo haukuitwa muhogo tu, uliitwa kwa maneno yanayosema ni muhogo unaobaki kwenye shamba lililoachwa lipumzike. Ndizi ikawa ile ya kuegemezwa, kwa sababu mkungu wake ni mzito na tunauwekea mti wa kuushika. Mwezi ukawa ule unaoitazama dunia kutoka juu. Angalieni hekima hiyo. Jina la ngoma linakuambia kitu kinafanya nini, kinakaa wapi, mkono wa mtu unakigusa namna gani. Halikupigwa ili kumshangaza mtu. Lilipigwa ili wa ng'ambo asikosee.

Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, mwaka 1966 alibuni ansible, chombo cha kutuma habari kati ya nyota bila kungoja, na neno alilitoa kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kinachoweza kujibiwa. Hapo nilimwona kama mpiga lokole. Kwake chombo ni cha thamani kwa sababu upande wa pili unaweza kujibu.

Basi vipimo vyangu ni viwili: ukilifungua neno unakuta watu, na aliyelisikia anaweza kujibu. Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Neno langu mimi

Sisi wenye lisansi tumelelewa ndani ya maneno ya kubuni, ila hatuoni. Oksisoli, vertisoli: mwaka 1960 Wamarekani walipotoa mfumo mpya wa kupanga udongo, waliomba msaada wa wataalamu wa Kigiriki na Kilatini wa vyuo vikuu vya Ghent na Illinois ili waunde majina ambayo hayajawahi kuwapo duniani. Ni siansi-fiksio tupu! Tuliyakariri, tukafaulu, tukarudi vijijini kuyatupa mbele ya watu wanaolima udongo huo tangu utoto.

Miaka michache iliyopita, mradi mmoja ulifika katika vijiji vya upande wetu kuongea juu ya pori. Nilikodiwa kutafsiri. Kwenye mkutano palikuwa na Kifaransa cha wageni, Lingala ya vijana, Kilokele cha wazee wa mtoni, Kiswahili cha wote. Yule msemaji akasema: kredi ya kaboni. Watu wakanitazama mimi. Kaboni niseme nini? Nilikuwa na sekunde tatu. Nikasema: "Ni pesa ya mupepe. Miti yenu inasafisha mupepe, watu wa mbali watalipa."

Watu wakacheka sana. Pesa ya upepo! Mimi pia nilicheka, nikajiona mjanja. Nilifikiri nimefanya kama wale waliotupa "barua pepe", neno lenye upepo ndani yake ambalo liliingia kwenye midomo bila shida. Lakini barua pepe inajieleza: ni barua, inaruka. Pesa ya mupepe haikueleza kitu. Ilifanya jambo zito lionekane bahati nasibu, zawadi ya bure kutoka hewani.

Mama mmoja tu, mzee, hakucheka. Aliinua mkono: "Agronomi, mukiuzisha mupepe yetu, sisi tutapumua na nini?" Kicheko kikaongezeka. Msemaji akaniuliza mama amesema nini. Nikajibu kwa Kifaransa kwamba mama anatania. Karatasi zikapita, baadhi ya watu wakatia sahihi, tukala, tukatawanyika.

Mama hakuwa anatania. Lile lilikuwa swali la filimu ya Pumzi, swali bora kuliko yote ya siku ile: tunatoa nini, na baada ya kukitoa, sisi tunabaki na nini? Neno langu ndilo lililomnyima jibu. Lilikuwa vibranium ya kwangu: linang'aa, halina mtu ndani.

Kutafsiri vibaya si kosa la msamiati tu. Mtu aliyetia sahihi chini ya neno asilolielewa ametia sahihi kweli kweli. Karatasi haiulizi kama ulicheka.

Moshi uliomezwa

Nilirudi kwenye kijiji hicho mwaka huu, bila mradi, bila perdiem. Nilienda kwanza kwa yule mama, nikamwomba radhi. Alisema, "Keti kwanza, mutoto." Jioni wakaja wazee wengine. Niliwaeleza polepole bila neno lolote la shule: kile kilicho ndani ya moshi, mti unakivuta hewani unapokua, unakifanya ubao, mzizi, jani. Kinakaa humo miaka na miaka. Ukiuchoma, kinarudi juu. Halafu niliwauliza wao: kitu hiki tukiite nani?

Walibishana karibu saa mbili. Papa mmoja mchoma makala, mtu anayejua moshi kuliko mimi na diploma yangu, ndiye aliyefunga mjadala: "Muti inamezaka moshi. Ukiikata na kuichoma, inatapika yote. Basi ni moshi ile muti ilimeza." Moshi uliomezwa na mti. Ni jina refu, kama la lokole. Kidogo tu, na maswali yakaanza kumwagika. Kama tunalipwa kwa moshi uliomezwa, tunakatazwa kukata? Shamba la mpunga la mwaka ujao tutafungua wapi? Mti ukianguka wenyewe kwa mvua, deni ni la nani? Na yule mama: "Hiyo moshi tutailinda miaka ngapi? Watoto wangu watakuwa wameandikwa ndani?"

Hakuna hata mmoja aliyecheka. Wameamua kuomba ile karatasi isomwe tena, mstari kwa mstari, kwa lugha wanayoijua. Sijui wapi itafika.

Kwa hiyo, mwenzangu wa bandarini, jibu langu limechelewa lakini limefika. Uliuliza maneno watatoa wapi. Josef Čapek alitoa kwenye kazi ya lazima, Mkangi alitoa sokoni, Kahiu alitoa kinywani mwa mama yake, papa wa makala alitoa kwenye tanuri lake. Wanaofikiri neno la wakati ujao lazima linukie Kilatini wataendelea kutuita "wale". Na sisi wenye lisansi tukitafsiri kwa kujionyesha, tutakuwa tunawaita wazazi wetu "wale" pia.

Nawaachia kazi moja. Fungueni memwari zenu, chagueni neno moja mliloliandika ambalo hamuwezi kumweleza mama yenu jikoni. Mpelekeeni. Mwelezeni kitu chenyewe kinafanya nini, halafu nyamazeni, mwacheni yeye akipe jina. Mkirudi hapa, tuandikieni jina alilolitoa na, zaidi ya hilo, swali aliloliuliza baada ya kulitoa.